Nimeshasaini mara moja, naombwa tena: je, malezi yangu yalikuwa ya bure?

SWALI: "Mimi ni mwalimu wa sekondari, mwaka wa nne kazini. Shule yetu inajenga madarasa mawili kwa fosi akaunti, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kuajiri mafundi, na nimeteuliwa kwenye kamati ya mapokezi, tuko watatu. Mwezi Mei nilisaini kwamba tumepokea tripu saba za kokoto wakati zilikuja tano. Mkuu wa shule alisema mzabuni ataleta mbili zilizobaki. Hazikuja. Wiki ileile mzabuni aliniachia bahasha ya elfu thelathini, akasema ni ya vocha. Sikuiomba, ila niliipokea. Sasa ameleta saruji mifuko 210, na hati niliyowekewa mezani inasema 260. Mkuu anasema tarehe 30 Juni mfumo unafungwa, hela zikirudi Hazina madarasa yatabaki maboma na lawama itakuwa yangu. Mwenzangu mmoja ameshasaini. Mwingine anasubiri aone nitafanyaje.

Silali. Kinachoniumiza zaidi ni hiki. Nimelelewa na bibi, mtu wa sala, ambaye aliwahi kunirudisha dukani usiku kwa sababu chenji ilizidi mia mbili. Nafundisha Historia ya Tanzania na Maadili. Nilikuwa na uhakika kwamba mimi siwezi kufanya kitu kama hiki, na nilikifanya kwa dakika moja, nimesimama, kwa kalamu ya kuazima. Mimi ni mnafiki? Malezi yale yalikuwa ya bure? Na kama nimeshaharibu ya kwanza, kukataa ya pili kuna maana gani? Nina mkopo benki, nasomesha mdogo wangu chuo, na huyu mkuu ndiye aliyenipokea nilipofika hapa sina hata godoro."

JIBU:

Mwalimu, pole. Barua yako ina hofu mbili zilizoshikana. Moja ni juu yako mwenyewe, kwamba wewe ni mtu wa namna gani ikiwa ulilelewa vile na bado ukasaini. Nyingine ni ya hati iliyoko mezani, na hiyo ina tarehe. Nitaanza na ya kwanza, maana ndiyo inayokufunga mikono kwenye ya pili. Nimekaa na watumishi wengi waliosaini karatasi za namna hii, na wengi hawakuzama kwa sababu ya saini ya kwanza. Walizama pale walipojihukumu kwamba wameshaharibika, basi hakuna cha kulinda tena.

Tunapenda kuamini kwamba maadili ni kitu mtu anajazwa utotoni, kisha anaishi nacho hadi kaburini. Ndiyo maana kashfa ikitokea swali la mtaani huwa "huyu kalelewa na nani?" Imani hiyo ilipimwa zamani. Kuanzia mwaka 1928 watafiti wawili wa Marekani, Hugh Hartshorne na Mark May, walichapisha matokeo ya majaribio waliyowafanyia watoto wapatao 11,000. Waliwawekea nafasi za kudanganya mahali tofauti: kwenye mtihani, kwenye michezo, kwenye kazi ya kufanyia nyumbani, kwenye pesa. Mtu angetegemea watoto wajigawe makundi mawili, waaminifu huku na walaghai kule. Haikuwa hivyo. Mtoto aliyeiba majibu ya mtihani aliweza kurudisha sarafu zote bila kugusa hata moja, na aliyekuwa mnyoofu kwenye mtihani aliweza kudanganya mchezoni. Uaminifu wa mahali pamoja haukuhamia wenyewe mahali pengine.

Bibi yako alikufundisha uaminifu wa dukani, na aliufundisha vizuri. Leo mwenye duka akikuzidishia chenji utairudisha bila kufikiri, naamini hivyo kabisa. Ila hakuna aliyewahi kukufundisha uaminifu wa kwenye hati ya mapokezi, ukiwa umesimama ofisini kwa mkubwa wako, mzabuni yuko nje na lori linaunguruma. Hilo ni somo jingine, na wengi wetu tunakutana nalo siku ya mtihani.

Unafiki ni kuhubiri usichokiamini, na wewe unakiamini. Ndiyo maana hulali. Kwa hiyo neno hilo liache.

Sasa twende ndani kidogo, kwa sababu ukielewa jinsi dhamiri inavyojengwa utaona kwa nini yako ilinyamaza siku ile ya Mei.

Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alikaa na watoto wakicheza gololi akiwauliza sheria za mchezo zimetoka wapi. Kazi hiyo aliichapisha mwaka 1932. Wadogo walimwambia sheria zimetoka kwa baba, kwa wazee, kwa Mungu, na hazibadiliki. Wakubwa kidogo walisema ni makubaliano yao wachezaji, na wakikubaliana upya zinaweza kubadilika. Mtoto anaanza kwa kumtii mkubwa, kisha taratibu, kwa kucheza na wenzake, kugombana nao na kupatana, anaanza kuona kwamba haki ni kitu watu wanadaiana wao kwa wao. Lawrence Kohlberg, katika tasnifu yake ya mwaka 1958 huko Chicago, aliendeleza wazo hilo kwa kuwahoji wavulana 72 na akapanga hatua: unaanza kwa kuogopa adhabu, unapita kwenye kutafuta faida, kisha kutaka uonekane mtu mwema mbele ya watu wako, kisha kulinda sheria na utaratibu wa jamii nzima, na wachache wanafika kwenye kanuni wanazozisimamia hata zikigongana na sheria.

Ngazi hiyo imepingwa sana, na kwa haki. Carol Gilligan alionyesha mwaka 1982 kwamba inapuuza maadili ya kuwajali na kuwatunza watu, kana kwamba kufikiria uhusiano ni kufikiri kitoto. Karibu na kwetu zaidi, Carolyn Edwards alikipeleka kipimo hicho Kenya miaka ya 1970, na hoja yake ndiyo inayokuhusu wewe moja kwa moja. Aliona kwamba fikra za mtu zinafuata aina ya maisha anayotakiwa kuyaendesha. Katika jamii ambayo kila mtu anamjua mwenzake na kesi zinamalizwa uso kwa uso, kulinda uhusiano kunatosha kabisa kuwa hekima. Mzee anayesuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba hana haja ya kufikiria "mfumo". Maisha ya ofisi kubwa, mahakama na chuo yanadai kitu cha ziada, yaani kumtendea haki mtu usiyemjua na ambaye hutamwona.

Hapo ndipo ulipokwama, Mwalimu. Malezi ya bibi yalikupa mambo mawili kwa pamoja: usile cha mtu, na mheshimu mkubwa. Nyumbani hayakuwahi kugombana, kwa sababu mkubwa mwenyewe ndiye aliyekurudisha dukani usiku. Ofisini kwa mkuu wa shule yaligombana kwa mara ya kwanza, na likashinda lile lenye sura ya mtu. Mkuu ana sura. Alikupa godoro, anajua jina la mdogo wako. Hazina haina sura. "Serikali" haina sura. Kwa hiyo moyo wako ulipima kati ya kumvunjia heshima mtu aliyekufaa na kuikosea namba kwenye karatasi, na kwa hesabu hiyo ulijiona umefanya jambo jema.

Hesabu ilikuwa na kosa moja. Upande wa pili kulikuwa na watu, ila hawakuwa chumbani. Angalia hiyo mifuko 50. Mfuko mmoja wa kilo 50 hutoa matofali ya inchi sita yapatayo thelathini, basi mifuko hamsini ni matofali kama elfu moja na mia tano, ambayo yanaweza kupandisha kuta za darasa zima. Isipofika, fundi hatasimamisha kazi. Ataongeza mchanga. Tofali litaonekana zima siku ya kukabidhi mradi, na lenta, ile boriti ya zege juu ya milango na madirisha, itapakwa rangi kama lenta nyingine yoyote. Miaka michache baadaye ukuta utaanza kumeguka ukiugusa kwa ufunguo, na aliyekaa chini ya ile lenta atakuwa mtoto wa kidato cha kwanza ambaye leo yuko shule ya msingi. Huyo ndiye mwenye chenji yako. Bibi angemwona mara moja kama angesimama mlangoni, na kazi yako sasa ni kumwona bila yeye kusimama mlangoni.

Haraka nayo ilikuwa na mkono wake, na hili watu hulidharau. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilolifanya Princeton kwa wanafunzi 40 wa seminari. Waliwatuma kwenda jengo la jirani kutoa hotuba fupi, baadhi yao wakipangiwa kuzungumzia hasa ule mfano wa Msamaria Mwema. Njiani waliwekewa mtu amejikunja anakohoa na kuugulia. Waliokuwa na muda wa kutosha, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Walioambiwa wamechelewa na waharakishe, ni asilimia 10 tu. Mada ya hotuba haikuleta tofauti kubwa. Mtu alipita kando ya mgonjwa akiwahi kwenda kumhubiri Msamaria. Ninakuletea hilo kwa sababu mbili. Unafundisha Maadili na unajidharau kwa hilo. Wale walikuwa wanasomea uchungaji. Pia "tarehe 30 Juni mfumo unafungwa" ni sentensi inayofanya kazi ileile ya "umechelewa, kimbia". Huenda mkuu anasema kweli, tarehe ile ipo na presha yake ni ya kweli. Lakini jifunze kuitambua inavyofanya kazi: inakunyang'anya ile dakika ya kufikiri. Mahali popote unapoharakishwa kusaini, muda ndicho kitu cha kwanza cha kuomba.

Kuhusu visingizio nitasema kwa kifupi maana wewe mwenyewe umevitaja vyote kwenye barua bila kujua. Albert Bandura alitumia miaka mingi akieleza jinsi watu wema wanavyoizima dhamiri bila kuiua: wanalipa tendo jina laini ("ya vocha"), wanamwachia mwingine jukumu ("mkuu amesema"), wanaligawa kwa kundi ("mwenzangu ameshasaini"), wanapunguza madhara ("ataleta zilizobaki"). Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji roho mbaya. Vinahitaji tu mtu aliyechoka.

Tuje kwenye swali lako la tatu: ukishasaini ya kwanza, kukataa ya pili kuna maana gani? Nitakujibu kinyume na unavyotegemea. Ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, kwa ubaya na kwa uzuri. Kwa ubaya, kwa sababu Mei ungeweza kusema ulidanganywa kuhusu zile tripu mbili na ukweli ungekuwa upande wako kwa sehemu. Leo unajua kwamba "ataleta" ya mtu huyu haina maana. Na wao pia wanajua ulishasaini. Kama umejiuliza kwa nini hati hii ililetwa kwako ikiwa imeshajazwa 260, jibu lake ni la Mei. Kwa uzuri, kwa sababu mazoea hayajakaa. Hujawa "mtu wetu". Mtu anayekataa mara ya pili anaonekana alikosea mara ya kwanza. Anayesaini mara ya pili anaanza kuonekana, hata machoni pake, kwamba hivyo ndivyo alivyo.

Niweke neno la kando hapa, kwa sababu wengi wataniuliza kuhusu viapo na ahadi za uadilifu tunazojaza kazini. Mwaka 2012 ulitoka utafiti uliovuma dunia nzima ukidai kwamba mtu akisaini tamko la ukweli juu ya fomu, kabla ya kuijaza, anakuwa mkweli zaidi kuliko akisaini chini. Ofisi nyingi ziliupenda maana suluhisho lilikuwa rahisi: hamisha mstari wa saini. Mwaka 2021 jarida lililouchapisha liliufuta, baada ya kubainika kwamba sehemu ya takwimu zake ilikuwa ya kubuni. Utafiti kuhusu ukweli, takwimu za uongo. Tangu hapo sitegemei fomu imtengeneze mtu. Kinachosaidia ni mambo madogo ya mahali pa kazi, na mawili kati ya hayo uko nayo mkononi.

La kwanza ni yule mwenzako wa tatu anayesubiri. Unamwona kama mtu mwoga wa kusukumwa. Katika majaribio ya Stanley Milgram ya miaka ya 1960, ambapo watu waliamriwa kumpiga mwenzao shoti za umeme (shoti zenyewe zilikuwa za kuigiza, wao hawakujua), 26 kati ya 40 walitii hadi mwisho kabisa. Lakini alipowaweka pembeni yao wenzao wawili waliokataa kuendelea, waliotii hadi mwisho walishuka hadi 4 kati ya 40. Amri ilikuwa ileile na aliyeitoa alikuwa na mamlaka yaleyale, ila ukaidi ulikuwa na mwenza. Kwa hiyo kabla ya kwenda kwa mkuu, nenda kwa huyo mwenzako. Usimpe hotuba. Mwambie, "Mimi nitaandika 210. Wewe ulihesabu ngapi?" Basi.

La pili ni maneno. Mtu hashindwi kukataa kwa kukosa msimamo tu. Mara nyingi anakosa sentensi. Akili inajua jibu, mdomo haujawahi kulitamka, na mbele ya mkubwa mdomo ndio unaotakiwa. Mary Gentile, Mmarekani anayefundisha maadili ya biashara, amejenga mbinu yake yote juu ya hilo: fanya mazoezi ya kusema, kwa sauti, kabla ya siku. Nakupa ya kuanzia, uibadilishe iendane na kinywa chako: "Mkuu, shikamoo. Nimekuja kuhusu ile hati ya saruji. Tumehesabu 210, naomba niandike 210 leo. Zile 50 zikifika nitasaini siku hiyohiyo, hata iwe usiku." Hujamwita mtu mwizi wala kutaja sheria. Umempa mkuu njia ya kutokea pia, kwa sababu kupokea mzigo kwa awamu ni jambo la kawaida kabisa, na mzabuni anaweza kulipwa alicholeta. Akikurudishia ile ya Juni 30, mjibu kwamba suala la bakaa, yaani fedha zinazobaki mwaka wa fedha ukiisha, lina wenyewe, yeye na mhasibu na mkurugenzi wa halmashauri, na uko tayari kukaa hadi usiku kumsaidia kuandika barua. Sema hayo chumbani kwako, umesimama, mara kadhaa. Utajisikia mjinga. Fanya hivyo hivyo.

Kuhusu fadhila za mkuu, sitaki uzione kama mtego. Kumkumbuka aliyekufaa ni maadili, na anayekwambia uitupe shukrani ili uwe "mtaalamu" hajaelewa watu wanavyoishi. Ila fadhila ya mtu hulipwa kwa mali yako: muda wako, nguvu zako, utetezi wako akisingiziwa. Saruji ni ya shule, kwa hiyo huwezi kumlipia kwayo. Na fikiria kwamba huenda yeye mwenyewe anabanwa kutoka juu; simjui, sitamhukumu kwa barua moja. Hati yenye 210 inamlinda naye pia endapo ni mtu safi aliyekwama.

Sasa nikupimie njia zako bila kuzipamba.

Ukisaini 260, wiki hii itapita kwa amani. Halafu hati itakaa kwenye faili ikisubiri wakaguzi. Tangu ule mpango wa UVIKO-19 wa mwaka 2021, uliojenga madarasa 15,000 kwa shilingi milioni 20 kila moja, walimu wengi wamejikuta kwenye kamati hizi bila mafunzo yoyote, wakidhani saini yao ni ya kukamilisha safu tu. Hoja ya ukaguzi ikija, haiulizi nani alikuwa na presha. Inauliza majina yaliyo chini ya hati. Mkuu anaweza kuwa amehamishwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 22, inahusu hasa kutumia nyaraka kumdanganya mwajiri, na hati ya mapokezi yenye namba ya uongo inaingia humo bila hata kujadili kama ulikula kitu. Wewe, kwa bahati mbaya, una ile bahasha pia.

Ukiugua ghafla au ukiomba ruhusa hadi Julai, utakuwa umefanya wanachofanya wengi, na siwacheki. Lakini unamwacha yule wa tatu peke yake, na ukirudi hati nyingine itakuwepo.

Ukiandika 210, ambayo ndiyo njia ninayokushauri, jiandae. Huenda mkuu akakununia. Huenda ukaondolewa kwenye kamati, ukapangiwa vipindi vya saa za mwisho, ukasikia chumba cha walimu kikinyamaza unapoingia. Wengine wamehamishwa. Sitakuahidi kwamba ukweli unalipa, kwa sababu nimeona ambapo haukulipa kwa muda mrefu. Ninachoweza kusema ni kwamba gharama hizi zinaonekana na zina mwisho, wakati ile ya hati ya uongo hujui itakuja lini wala kwa kiasi gani.

Kuandika 210 kufanywe kwa utaratibu. Hesabu mifuko upya ukiwa na mwenzako, fundi na mlinzi wa stoo, halafu muandike idadi kwenye hati ya mzabuni mwenyewe, tarehe, namba ya gari, majina yenu. Leja ya stoo isome namba ileile. Kisha andika dokezo fupi kwa mkuu: tarehe fulani tumepokea mifuko 210 kati ya 260 iliyoagizwa, tunasubiri 50. Sentensi mbili zinatosha, na ya tatu yenye hasira itakuponza.

Je, uende nje ya shule? Hapo inategemea mkuu atajibu nini. Akikubali 210, hakuna haja ya kukimbilia popote kwa saruji hii. Akikulazimisha, au ukaona hati mpya yenye saini yako usiyoiweka wewe, basi mkaguzi wa ndani wa halmashauri na mhandisi anayesimamia mradi ni watu wa kuwaona, na ofisi ya wilaya ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, ipo, simu yao ya bure ni 113. TAKUKURU hufuatilia miradi ya maendeleo ikiwa bado inaendelea, kwa hiyo kwenda mapema kunaweza kuokoa saruji yenyewe badala ya kungoja kesi. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, inayomlinda anayetoa taarifa kwa nia njema kwa manufaa ya umma. Sheria hiyo ni ya kweli, ila kwenye shule ambayo watumishi wote wanajuana hakuna sheria inayoweza kuzuia watu kukisia nani kasema. Lijue hilo kabla.

Nimeiacha ile saini ya Mei na elfu thelathini hadi mwisho kwa makusudi, maana hapo maneno yangu yanafika ukingoni. Kimaadili ni wazi: zile tripu mbili ni deni lako kulisema, na fedha ile haikuwa ya vocha. Kisheria si jambo la kumaliza kwa kusoma jibu langu. Kabla hujamwandikia mtu yeyote barua ya kukiri, kabla hujamrudishia mzabuni bahasha mkononi bila shahidi, kaa na wakili ana kwa ana umweleze yote, pamoja na bahasha. Kama fedha bado ipo, usiiguse. Kama imetumika, mwambie hivyo hivyo. Kama huna uwezo wa kumlipa wakili, watoa huduma za msaada wa kisheria wapo hadi ngazi ya wilaya, na kama ni mwanachama wa Chama cha Walimu una haki ya kuuliza tawi lako watakusaidiaje endapo suala litafika Tume ya Utumishi wa Walimu. Mtu aliyejitokeza mwenyewe mapema, akiwa na ushauri, husikilizwa tofauti na aliyefuatwa.

Kuna msaada mwingine wa ana kwa ana ambao usiuone aibu. Umesema hulali. Kama imezidi wiki mbili, au chakula hakipiti, au umeanza kuwaza kwamba afadhali usiwepo kuliko aibu hii, usisubiri hati iishe. Nenda hospitali ya wilaya uonane na daktari au afisa ustawi wa jamii, na hayo mawazo ya kutokuwepo yakija hata mara moja, mwambie mtu aliye karibu siku hiyohiyo. Hao hawahitaji kujua habari za saruji ili wakusaidie kulala.

Na kama bibi bado yu hai, mpigie. Huna haja ya kumsimulia mambo ya hati. Mwambie tu unapita kwenye jambo gumu kazini.

Kesho anza na kuhesabu mifuko, asubuhi, kabla ya vipindi na kabla fundi hajaanza kuchukua mifuko ya kazi. Piga picha hati ya mzabuni pande zote mbili, na nakala yako ya dokezo iweke nyumbani, kwenye faili lenye barua yako ya ajira. Usiiache kwenye droo ya chumba cha walimu.